Nilimwahidi mama mwanawe ataongea kufikia Krismasi

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kasarani.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa pili, nasomea tiba ya usemi na lugha. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi miaka minne. Nakuandikia saa sita usiku kwa sababu kuna jambo nimelifanya na sijamwambia mtu, hata msimamizi wangu.

Muhula huu niko kliniki siku tatu kwa wiki. Mtoto mmoja niliyepewa nitamwita Baraka. Ana miaka mitatu na miezi minne na hana neno hata moja. Akitaka maji, anamshika mamake mkono na kumvuta mpaka kwenye jagi. Mamake anauza mboga. Kuja kwetu anapanda matatu mbili kutoka Kayole, na siku hiyo kibanda kinabaki kwa jirani. Chekechea walimwambia aache Kikamba, amsemeshe mtoto Kiingereza pekee. Mimi nikamwambia aendelee na Kikamba chake. Wiki ya tatu, akimfunga mtoto viatu, aliniuliza bila kuinua kichwa: “Mwalimu, ataongea lini?” Nikausikia mdomo wangu ukisema, “Usijali mama, kufikia Krismasi atakuwa anaongea.”

Alilia, kisha akacheka. Wiki iliyofuata alikuja na maparachichi sita kwenye kikapu, akaniambia kanisani wote wanajua. Akaniambia pia kwamba ile barua ya kwenda kupima masikio ameiweka kando, maana pesa ni kidogo, na kama mtoto ataongea Desemba kuna haja gani ya kulipia? Sasa ni katikati ya Oktoba na Baraka bado hana neno.

Kwa msimamizi sijaenda kwa sababu ripoti zangu amezirudisha mara tatu zikiwa na wino mwekundu. Niliandika, “Baraka alifurahia kipindi na alifanya vizuri.” Akaikata sentensi yote, pembeni akaandika: “Nini?” Basi, neno hilo moja.

Na kusema ukweli, Mwalimu, sioni ninachojifunza. Darasani tumekariri neva 12 za kichwa, tumechora koromeo, tumesoma habari za yule daktari Mfaransa, Broca, na mgonjwa wake wa 1861 aliyebaki na “tan” tu mdomoni. Kliniki nakaa sakafuni nasukuma kigari na kupuliza mapovu ya sabuni. Nikimwambia Baraka “sema maji,” msimamizi ananiambia ninyamaze. Nimekuja kusomea usemi, nafundishwa kunyamaza! Mama yangu kule Murang’a ananiuliza kwenye simu, “Bado unalipa karo ya kufundisha watu kuongea? Wewe ulipoanza kuongea nilimlipa nani?”

Niache nirudi darasani kufundisha? Na huyu mama nimwambie nini?

Aliyeahidi, Kasarani

*

Mwanangu, tuanze na Mama Baraka. Mambo yako wewe yanaweza kungoja, yake hayawezi.

Nenda kwa msimamizi wako kwanza, kabla mama huyo hajafika tena. Unamhudumia Baraka chini ya jina la msimamizi, na hilo kosa ni lake pia hata kama hajui. Usimpelekee hadithi ndefu. Mwambie ulichosema, siku uliyosema, na kwamba kwa sababu hiyo mama ameahirisha kipimo cha masikio. Hilo la masikio ndilo litakalomfanya aweke kalamu chini. Ahadi ya Krismasi kila mwanafunzi ameitoa kwa namna yake. Mimi nilimwambia mzee mmoja aliyeshindwa kumeza kwamba atakunywa chai kabla ya kurudi nyumbani. Alirudi nyumbani na mpira wa kulishia puani, na mpaka leo naikumbuka kofia yake.

Kwa mama, usitume ujumbe wa simu. Kaa naye, mtoto akiwa anacheza, umwambie kwa Kiswahili anachokitumia sokoni: “Mama Baraka, kuna kitu nilikuambia nikakosea. Nilisema Baraka ataongea kufikia Krismasi. Sikuwa najua, na hata leo sijui. Hakuna mtu anaweza kujua kabla masikio yake hayajapimwa. Nisamehe.” Halafu nyamaza. Hapa ndipo utaelewa kwa nini unafundishwa kunyamaza. Utatamani sana kuongeza “lakini anaendelea vizuri” au “lakini usife moyo.” Usiongeze kitu. Mwache akasirike. Amewaambia watu wa kanisani, na sasa itabidi arudi kwao mikono mitupu. Hasira yake ni ya haki.

Kipimo cha masikio nacho mweleze sababu yake, usimwambie tu ni lazima. Atakujibu kwamba mtoto anasikia, maana akiitwa kutoka nje anageuka, na honi ya lori inamshtua. Mtoto anaweza kusikia honi na asisikie “s” wala “f”. Anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, wiki hii anasikia, wiki ijayo kama amefunikwa blanketi. Mtoto wa namna hiyo ukimsukumia maneno mwaka mzima utakuwa unamwaga maji kwenye pakacha. Uliza kituo cha EARC kilicho karibu na Kayole, vile vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu 1984. Uliza pia bei za kliniki za masikio wewe mwenyewe, kwa simu, kabla hujamtuma. Mama wa kibanda akifika mahali akaambiwa bei ambayo hakuitarajia, hatarudi huko wala kwako.

Jambo jingine: ukimwachia ahadi iliyovunjika bila maelezo, kuna jirani tayari mwenye maelezo yake. Atamwambia mtoto ana ulimi mzito, apelekwe akakatwe ule uzi wa chini ya ulimi. Mwambie mapema kwamba uzi huo haumzuii mtoto kuanza kuongea. Ukifunga sana unaweza kusumbua kunyonya, pengine na sauti mbili tatu, lakini si sababu ya mtoto wa miaka mitatu kukosa neno. Kuhusu Kikamba ulimjibu sawasawa. Lugha mbili hazichelewishi mtoto, na mama anayelazimishwa kuongea na mwanawe kwa lugha asiyoimudu huishia kumsemesha kidogo zaidi.

Haya, sasa masomo yako.

Tuchukue ile “Nini?” ya wino mwekundu. Umeiona kama tusi, lakini mimi naiona ni swali zuri kuliko yote utakayoulizwa chuoni. Alifanya vizuri nini? Hebu tuandike upya kipindi kimoja. Chukua kichupa cha mapovu, puliza mara moja, kifunge kwa nguvu, mpe Baraka. Usiseme kitu. Mtazame usoni kama mtu anayengoja mabadiliko ya pesa yake kwa kondakta, na hesabu kumi moyoni. Kisha andika: “Nilimpa kichupa kilichofungwa mara 8. Alikirudisha mkononi mwangu mara 6. Katika hizo, mara 2 alinitazama machoni kwanza.”

Hizo mara mbili ndizo habari yako. Mtoto anayevuta mkono wa mama mpaka kwenye jagi tayari ana ombi. Anayekutazama machoni kwanza anajua kwamba ombi linapelekwa kwa mtu, si kwa mkono. Hatua hiyo mara nyingi huja kabla ya neno. Ukimwambia “sema maji,” unampa mtihani ambao atafeli, na atajifunza kukukwepa. Ukinyamaza unamwachia nafasi ya kuanza yeye. Ndiyo maana uko sakafuni na kigari. Kama mwezi ujao mara mbili zimekuwa tano, una kitu cha kumpa Mama Baraka ambacho hakuna Krismasi itakayokuja kukukanusha. Na kama zimebaki mbili, pia umejua: unabadilisha njia. Labda mnaanza kadi za picha, ya maji, ya ugali, ya “nimechoka”. Wazazi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto avivie mdomo. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na watoto wengine hupata maneno baada ya kuonja raha ya kueleweka.

Mimi nilisomea Marekani, na huko chama cha wataalamu wa usemi na usikivu, ASHA, kinamdai kila mwanafunzi saa 400 za kliniki kabla ya cheti: 25 za kutazama wengine wakifanya kazi, 375 za kushika mgonjwa mwenyewe. Ukihitimu unafanya kazi chini ya jicho la mtu wiki nyingine 36. Nilipofika nilidhani saa hizo ni za kufundishwa dawa ya kila ugonjwa. Kazi yenyewe ina maeneo tisa kwa hesabu yao, kuanzia matamshi, kigugumizi na sauti mpaka kumeza na kumbukumbu. Nani atakariri dawa zote? Sehemu kubwa ya saa zangu ilienda kwenye kuona kilichoko mbele yangu, nisione ninachotamani kiwepo.

Nikupe mfano wa uji.

Niliporudi Nairobi nilipata mzee wodini aliyepigwa na kiharusi. Vitu vyepesi kama maji na chai vilikuwa vinampotea njia vinaingia mapafuni, na ubaya wake ni kwamba hakuwa anakohoa. Wengine hawakohoi, kwa hiyo wewe uliyekaa hapo huoni kitu mpaka homa ije. Tulishakubaliana apewe uji wa uzito fulani. Mkewe alikuwa analeta kila asubuhi kwenye chupa ya chai, uji wa wimbi, kwa upendo wote. Siku moja mzito, siku ya pili kama maziwa. Nikimuuliza anasema, “Si ni uji tu, mwanangu.” Basi nikatoa sirinji ya mililita 10. Kuna mfumo unaitwa IDDSI unaopanga vyakula na vinywaji kwa viwango 8, kuanzia 0 mpaka 7, na kipimo chake cha vinywaji ni rahisi ajabu: ziba tundu la sirinji kwa kidole, jaza mpaka 10, achia, hesabu sekunde 10, ziba tena. Kikibaki chini ya 1, hicho ni chepesi kama maji. Kikibaki kati ya 1 na 4 ni kiwango cha kwanza, kati ya 4 na 8 cha pili, zaidi ya 8 na bado kinadondoka, cha tatu. Tuliufanya juu ya kabati la kando ya kitanda, mimi na yule mama, na uji wa Jumatatu na wa Jumanne kwenye vikombe viwili. Wa Jumatatu ulibaki 7. Wa Jumanne uliisha wote, tone la mwisho likamdondokea kwenye kanga. Akanitazama. Kesho yake alikuja na sirinji yake mwenyewe aliyonunua duka la dawa, na kijiko alichokitia alama ya rangi ya kucha kuonyesha unga uishie wapi.

Kati ya zile neva zako 12, zinazohusika na kumeza zilikuwepo hapo, mwanangu. Ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi, ya kumi na mbili. Bila kuzikariri nisingejua kwa nini mzee huyo hakohoi, na ningemwamini kwa sababu ametulia. Kariri.

Kuna siku pia utalazimika kutoyaamini makaratasi. Nilimwonyesha mtoto wa Githurai picha kutoka kwenye kijitabu cha kupimia lugha kilichotungwa kwa watoto wa Marekani. Ilikuwa mashine ya kuchomea mkate. Akaitazama vizuri, akasema, “Redio.” Kijitabu kinasema amekosa. Mimi nikaona mtoto aliyekutana na sanduku lenye mpasuo na kitufe, akalitafutia jina la karibu zaidi nyumbani kwao. Matamshi ni vilevile. Mjaluo akisema “sida” badala ya “shida”, au Mkikuyu akinywa “shai”, hao si wagonjwa, hiyo ni lugha ya mama inayopiga hodi. Hata sarufi. Mtafiti Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wadogo hapa hapa Nairobi, kazi ikachapishwa 2005, na akaonyesha jinsi wanavyoangusha kiambishi cha nafsi, waseme “takula” kwa “nitakula”. Watu wazima wa mji huu nao hukiangusha mara mojamoja. Ukiliandika hilo kuwa kosa, itabidi uwaandikie rufaa makanga wote wa Thika Road. Ulipokuwa mwalimu wa shule ulikuwa na kalamu nyekundu ya kwako, na nadhani hilo ndilo linalokusumbua zaidi ya ulivyoandika. Ulizoea kusahihisha. Sasa unatakiwa kwanza ujue kama kuna kosa.

Utapewa pia, kama bado, ile kazi ya kigugumizi. Wanafunzi hutumwa kugugumiza makusudi mbele ya watu wasiowajua. Yangu niliifanya nikiwa likizo, kwenye kituo cha matatu pale Odeon. Nilimuuliza kondakta nauli ya Ruiru, “Ni p-p-p-” na kabla sijafika popote alishanitajia bei na kumgeukia aliye nyuma yangu. Hakunicheka, hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka tu. Nilipanda gari nikiwa na maneno yangu yote mdomoni kama mtu aliyerudishiwa barua. Mtu mzima mmoja kati ya mia hivi ana kigugumizi, na mimi niliweza kuacha changu nilipoketi. Tangu siku hiyo sijammalizia mtu sentensi yake, hata mume wangu, ambaye angependa nimmalizie.

Usiache masomo. Sikuambii hivyo kwa sababu una kipaji. Sijakuona ukifanya kazi, sijui. Nakuambia kwa sababu uliyeona kosa ni wewe, usiku, bila mtu kukukamata, na ripoti zinazorudishwa mara tatu ni ripoti zinazosomwa. Nimewahi kuwa na msimamizi aliyetia sahihi bila kufungua faili. Kile kipindi sikujifunza chochote na niliamini najua kila kitu.

Mamako wa Murang’a usibishane naye kwenye simu. Ukienda Desemba, beba sirinji. Mwombe apike uji wake mara mbili, bila kupima unga, kisha mkae jikoni muone zimebaki mililita ngapi.

Na maparachichi, kama hamjayala yote pale kliniki, msimrudishie. Ila mwulize msimamizi wako mnapokeaje zawadi kutoka kwa wagonjwa, maana akileta tena baada ya kumwambia ukweli, utahitaji kujua. Kisha niandikie majibu ya masikio yakitoka.